Chungu cha Dawa Hakirudishwi

Kichochoro chetu kilikuwa na chungu kimoja tu cha kuchemshia dawa, na hakijapata kutokea kingine cha kukishinda mkoa mzima wa Hubei. Anayebisha alete chake tulinganishe. Kilikuwa cheusi tii, kina mdomo mfupi wa kumiminia, mkono wa kushikia ubavuni, na kifuniko kilichomeguka ukingo. Dawa iliyopikwa humo ilikuwa kali hata mgonjwa akapona upesi ili asiinywe tena.

Chungu chenyewe kilikuwa mali ya Bibi Tong, lakini umiliki wake ulikuwa wa jina tu. Kilitembea. Ukiumwa, unakifuata nyumba kilipo, unakichukua bila kusema ahsante wala mwenye nyumba kukutazama usoni, unatumia, na ukipona kinakaa kwako mpaka mwingine aje kukifuata. Hata Bibi Tong mwenyewe alipokitaka alijikongoja kukifuata. Kukifuata, sawa. Kukipeleka, hapana. Mtu anayebeba chungu cha dawa na kukipeleka mlangoni kwa mwenzake amembebea ugonjwa kwa mikono miwili. Kichochoroni petu wamepita walevi waliomrudisha mke kwao katikati ya mvua. Aliyerudisha chungu hajazaliwa.

Basi, Lianzhi.

Lianzhi alikuwa mke wa Gao Changgen, mtu wa meli za mchanga katika Mto Changjiang, ambaye alirudi nyumbani mara moja kwa mwezi akinuka dizeli. Mkewe alinuka pakanga. Alizaliwa kwenye mashamba ya pakanga, akavuna majani yake tangu anajua kushika mundu, na baada ya kuolewa akapata kazi kwenye banda la kusokota vijiti vya pakanga, vile ambavyo watu huviwasha na kuvikaribisha kwenye ngozi ili joto liingie mwilini. Siku nzima alitwanga majani makavu mpaka yakawa kama pamba, akayasokota ndani ya karatasi. Vidole vyake vilikuwa na rangi ya njano isiyotoka kwa sabuni. Changgen alipenda kuwaambia mabaharia wenzake, "Nyinyi mna wake. Mimi nina duka la dawa kitandani." Wakacheka wote, na yeye akacheka zaidi yao, kisha usiku akalala ameuficha uso wake ndani ya nywele za huyo duka la dawa.

Nyumba yao na ya Bibi Tong ziligawana ukuta mmoja. Bibi Tong alikuwa na mapafu mabovu na mgongo baridi, na kila alasiri, kazi ya banda ikiisha, Lianzhi alipita kwake, akamlaza kifudifudi, akawasha kijiti na kukizungusha juu ya uti wa mgongo wake, karibu na ngozi bila kuigusa. Hakulipwa. Alilipwa kwa maneno.

"Choma, choma," Bibi Tong alisema. "Nikigeuka mkaa mniuze."

"Nani atanunua mkaa wenye mdomo kama wako, Bibi?"

"Mama mkwe wako. Hapendi maneno ya bure, ila ya kununua."

Akitaka kuinuka, alimshika Lianzhi kifundo cha mkono, akajivuta. Na kama alimhitaji asubuhi au wakati mwingine, aligonga ukutani kwa kifundo cha kidole, mara tatu. Lianzhi alijibu kwa mara tatu, maana yake nakuja. Ukuta ule ulikuwa na alama mbili, huku na huku, mahali chokaa ilipokwisha kwa kugongwa.

Sasa hapa ndipo pa kunyamaza kidogo. Lianzhi alikuwa amepoteza mimba mbili. Zote zilitoka kabla ya mwezi wa tatu. Ya kwanza, mama mkwe wake alifurahi akashindwa kujizuia, akamwambia jirani mmoja, Guihua. Kumwambia Guihua ni kupanda juu ya paa na kupiga ngoma. Juma lile lile mimba ikatoka. Ya pili ilifichwa vizuri zaidi, lakini nayo ikaenda. Wapo wasemao mficha uchi hazai. Kichochoroni petu ni kinyume chake: asiyeficha ndiye asiyezaa. Mpaka mwezi wa tatu upite, mtoto ni mgeni aliyesimama kizingitini. Ukimtaja jina kwa sauti anashtuka na kurudi alikotoka.

Kwa hiyo mwaka ule, damu ya Lianzhi ilipochelewa, mama mkwe wake, Mama Gao, alifunga mlango mchana kweupe.

"Sikiliza, mwanangu. Safari hii hata ukuta usijue."

"Na Changgen?"

"Changgen ndiye wa mwisho. Mwanaume akiwa na furaha hununua pombe, na pombe hunena. Kingine: kwa yule mgonjwa hapo jirani, basi. Mwenye mimba changa hakai na mtu ambaye kifo kinamvizia. Kinaweza kukosea mlango."

"Nimwambieje, Mama?"

"Humwambii kitu. Huendi, basi."

Lianzhi alikwenda mara moja ya mwisho, kwa kuiba. Sikukuu ya mashua ilikuwa imekaribia, pakanga mbichi imetundikwa kwenye kila mlango. Aliwasha kijiti, lakini alikishika mbali na mwili wake na kugeuza uso, moshi usimwingie. Bibi Tong hakufanya mzaha siku ile. Alipotaka kuinuka alimshika kifundo cha mkono kama kawaida, akajivuta, akaketi. Ila hakumwachia. Aliendelea kushika, vidole vitatu juu ya mshipa, macho yanatazama mlangoni.

"Kesho usije," alisema mwishowe. "Kuna mvua."

Mbingu ilikuwa bluu. Lianzhi aliona amesutwa, kwamba bibi amegundua anataka kumkimbia na ameamua kumtangulia. Akazima kijiti, akatoka.

Mvua ilikuja kweli, zile mvua za msimu wa plamu zisizojua kuacha, ambapo nguo haikauki na ukuta unatoka jasho. Na ndani ya mvua, kikohozi. Kilianza polepole, kikapanda, kikakwama juu, kisha kikashuka kwa kishindo kama mtu anayeangusha gunia. Kisha kimya. Kisha mara tatu ukutani. Ko, ko, ko.

Lianzhi alikaa kitandani mikono tumboni. Hakujibu.

Kesho yake tena, saa ile ile ya alasiri. Ko, ko, ko. Mama Gao aliweka sufuria chini kwa nguvu ili sauti isisikike. Siku iliyofuata tena. Aligonga kwa upole, wala hakuwa na haraka. Angelitukana, ingekuwa nafuu.

Wakati huo huo kulikuwa na taabu ya dawa. Tabibu Ling, mzee wa sindano mwenye duka karibu na daraja, alikuwa amempa Lianzhi majani na mizizi ya kushikilia mimba, na dawa ya namna ile haipikwi kwenye bati wala chuma. Chungu kilikuwa kwa Bibi Tong. Kukifuata ni kutangaza. Kununua kipya? Muuza vyombo ni kaka yake Guihua, na chungu kipya cha dawa ndani ya nyumba ni kama kuuandalia ugonjwa kitanda. Wakapikia kwenye chungu cha supu ya mizizi ya yungiyungi. Dawa ikaelea mafuta ya nguruwe. Tabibu Ling alipoelezwa alishika kichwa.

"Ukitaka supu, kunywa supu! Ukitaka dawa, tafuta chungu cha dawa!"

Kisha, alasiri moja, ukuta haukugongwa. Na kikohozi hakikuja. Lianzhi alisubiri mpaka giza likaingia, ndipo aliposikia mke wa mwanawe Bibi Tong, Xiaoman, akilia kwa lafudhi ya kwao kaskazini.

Mwenye mimba haendi msibani. Lianzhi hakwenda. Alikaa ndani, akasikia tarumbeta zikipita mlangoni na fataki zikilowa na kushindwa kulia. Siku chache baadaye alikutana na Guihua kisimani, na Guihua alikuwa amemngoja kama paka anavyongoja samaki.

"Mwenzangu, hujambo? Nasikia ulikuwa mgonjwa siku ya mazishi."

"Kichwa tu."

"Kichwa! Miaka yote ile ukimchoma mgongo kama kitoweo, siku ya kumzika kichwa kinauma. Marehemu aliulizia, unajua. Macho mlangoni mpaka dakika ya mwisho."

"Aliulizia nini?"

"Mimi nitajuaje? Mimi si mchomaji wake." Akabeba ndoo zake na kwenda akiyumbisha kiuno, maji yakimwagika njia nzima.

Maneno yale yalimkaa Lianzhi kama mwiba wa samaki kooni. Macho mlangoni. Alikuwa bado hajayameza pale Xiaoman alipokuja.

Ilikuwa alasiri, mvua inanyesha, Mama Gao ameenda sokoni. Lianzhi alisikia hodi akafungua. Xiaoman alisimama kwenye ukumbi, kitambaa cheupe cha matanga kichwani, nywele zinachuruzika, na mikononi amebeba chungu. Kimeoshwa, kinang'aa. Ndani yake mayai.

"Dada Lianzhi," alisema. "Mama mkwe wangu alisema nikuletee."

Mikono ya mtu ni mijinga. Ukinyooshewa kitu na mtu aliyelowa mvua, mikono inatoka yenyewe kabla akili haijavaa viatu. Lianzhi alikipokea. Kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu anayepokea mtoto. Xiaoman aliinama, akageuka, akapotea mvuani. Ndipo Lianzhi alipotazama alichobeba.

Mama Gao aliporudi alipiga kelele kwanza, maelezo akaomba baadaye.

"Ameleta! Kwa miguu yake! Ameleta kwenye nyumba yenye... Mbingu zangu! Watu wa kaskazini wanafundishwa nini, kula ngano tu?"

"Hajui, Mama. Mgeni."

"Na wewe? Wewe nawe ni mgeni? Mikono ya nini kunyoosha?"

"Alisema Bibi Tong ndiye aliyemtuma."

Hilo lilikuwa baya zaidi. Mgeni asiyejua ni bahati mbaya, lakini marehemu aliyejua sheria yote, aliyeiishi tangu ujana wake, akasema mpelekee: hiyo si bahati mbaya. Hiyo ni salamu.

Kukivunja hawakuthubutu, chombo hakivunjwi nyumba yenye mimba. Kukitoa nje nako ni kumbebea mwingine. Mama Gao alikisukuma kwa mwiko mpaka pembe ya jiko, akakifunika kwa gunia, akayatupa mayai mtoni. Habari ilikwishaenea, kwa kuwa Guihua alikuwa na dirisha. Kichochoro kizima kikamcheka na kumlaani Xiaoman. Wanawake walimtemea mate nyuma ya kisigino. Yeye alipita ameinamisha kichwa.

Na kile chungu kikaanza.

Wasomi watasema ni panya, ni matone ya paa, ni upepo chini ya gunia. Na wasomi hao hao walalapo peke yao huacha taa. Kila alasiri, saa ile ya kuchoma mgongo, kifuniko kilichomeguka kilitikisika juu ya chungu kisicho na moto. Polepole, kikapanda, kikakwama, kisha kikashuka kwa kishindo. Lianzhi alikijua kikohozi kile kama alivyojua sauti ya mumewe. Aliondoa gunia, akatazama: kimya, kifuniko mahali pake. Akafunika. Kikakohoa.

"Umesikia, Mama?"

"Sijasikia kitu," alisema Mama Gao, uso mweupe kama unga. "Na wewe hujasikia."

Kisha Lianzhi akaona damu. Kidogo tu, doa la rangi ya chai kwenye nguo. Mimba zake mbili zilianza kwenda hivyo hivyo.

Tabibu Ling alikuwa na jino moja la mbele na vidole laini kama vya mpiga zeze. Aliweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono cha Lianzhi, akafumba macho, akakaa hivyo mpaka Mama Gao akadhani amelala.

"Yupo," alisema mzee. "Mshipa unateleza kama lulu kwenye sahani. Anashikilia. Lala hapo."

Akamchoma sindano moja utosini na nyingine chini ya goti, akizungusha kwa gumba na kidole kama mtu anayetia ufunguo kwenye kufuli asiloliamini.

"Mbona hukumchoma mkononi, hapa kati ya gumba na kidole cha shahada?" Mama Gao aliuliza. "Mimi nikiumwa jino unanichoma hapo."

"Wewe una jino, yeye ana mtoto. Hapo panasukuma chini. Na juu ya kifundo cha mguu pia. Hata uniletee nguruwe mzima sipagusi." Akamtazama Lianzhi. "Utosini panainua. Lakini sikiliza, binti. Hasira hupandisha pumzi, huzuni huimaliza, hofu huishusha. Mimi nakuinua asubuhi, na kuna kitu kinakushusha alasiri. Ni nini?"

Lianzhi alimtazama mama mkwe wake. Mama Gao alitazama dari.

"Hakuna kitu, Tabibu."

"Haya. Basi tutaona ni nani mwenye nguvu, mimi au hakuna kitu. Kesho nenda hospitali ya wilaya wakutazame. Mimi nasikia kwa vidole, wao wana mashine ya kuona. Na damu ikiongezeka usije kwangu kabisa, kimbilia kule kule."

Walikwenda. Kwenye kioo cha mashine kulikuwa na kitu kidogo kama punje ya mchele, ndani yake panametameta. Daktari kijana alisema moyo unapiga, apumzike, asibebe vizito. Mama Gao alilia njia nzima ya kurudi. Lakini alasiri ile chungu kikakohoa, na doa likarudi.

Lianzhi alikaa akilitazama. Aliona wazi, kama mtu aonavyo chini ya maji yaliyotulia, kwamba hofu hii itammaliza mtoto kabla ya chungu. Kama Bibi Tong amemlaani, na alijue hilo kwa maneno, neno kwa neno, si kwa kukohoa. Aliinuka, akajitanda kitambaa, akatoka. Mama Gao alimshika mkono mlangoni.

"Unakwenda wapi? Nyumba ile ina matanga!"

"Nakwenda kuulizia, Mama. Yeye aliniulizia, mimi sikwenda."

"Lianzhi! We mtoto! Mimba—"

"Sema kwa sauti zaidi, Mama. Guihua hajasikia vizuri."

Mama Gao akauachia ule mkono.

Xiaoman alikuwa jikoni akichambua maharage. Alipomwona akainuka haraka, akafuta mikono, akasogeza kiti mbali na meza ya marehemu, ile yenye picha na ubani. Akakigeuza, Lianzhi akae ameipa picha mgongo. Lianzhi aliona jambo hilo, ila hakulielewa.

"Dada, karibu. Sina hata chai ya maana."

"Sikuja kunywa chai. Nataka uniambie alichosema Bibi alipokutuma. Usipunguze. Hata kama ni laana."

Xiaoman alirudishia mlango.

"Umeuliza?" alisema.

"Nimeuliza."

"Basi sasa naweza. Alinikataza nisikwambie mpaka uulize mwenyewe. Alisema mwenye mimba changa haambiwi kwamba anajulikana."

"Alijua?"

"Tangu siku uliyokuja mwisho. Alisema amekushika mkono, mshipa wako unateleza. Ulipotoka aliniita, akacheka mpaka akakohoa damu. Akasema, 'Leo nimeshika watu wawili kwa mkono mmoja.'"

Mvua ilipiga paa. Xiaoman aliendelea, sasa kwa haraka kama mtu atuaye mzigo.

"Kesho yake akakataa dawa yake. Mume wangu alimpigia magoti. Akasema chungu kioshwe, kipikiwe uji wa mchele mpaka harufu yake itoke, kipumzike, kina kazi nyingine. Nikamwambia, 'Mama, mwache Dada Lianzhi akifuate mwenyewe.' Akasema, 'Mjinga wewe. Akionekana amebeba chungu kila mdomo utajua. Kipeleke wewe. Wewe ni mgeni. Watasema mgeni hajui, watakutukana mwezi mmoja, hawatamtazama yeye.' Nikamwambia kwamba mimi najua, dada. Nimeishi hapa miaka mitatu, najua chungu hakipelekwi. Akasema, 'Ndiyo maana nakutuma wewe. Mwingine angeogopa.'"

"Na wamekutemea mate."

"Mate hukauka."

Alichoweza kuuliza Lianzhi kilikuwa kidogo sana.

"Na kugonga? Alikuwa akiniita?"

Xiaoman akainamisha kichwa, akashika ganda la harage, akalikunja na kulikunjua.

"Hakukuita. Nilimuuliza nije nikuite, akakataa. Alikuwa akikuuliza kama mtoto bado yupo. Alisema, 'Akigonga, yupo.' Kisha anasikiliza." Akalitupa ganda. "Siku ya mwisho hakuweza kuinua mkono. Alinitaka nigonge mimi. Sikugonga, dada. Nilikuwa namshika kichwa."

Macho mlangoni, Guihua alisema. Hayakuwa mlangoni. Mlango na ukuta ule viko upande mmoja.

Lianzhi alirudi kwao, akaliondoa gunia. Akakibeba chungu hadi mekoni, akatia maji, akatia majani na mizizi ya Tabibu Ling, akawasha moto. Mama Gao alisimama kando na mwiko mkononi kama askari aliyesahau vita ni vya nani.

"Utainywa hiyo?"

"Nitainywa."

"Kama ni sumu?"

"Ni zamu yake ya dawa, Mama. Amenipa."

Maji yalipochemka kifuniko kilitikisika, kikapanda, kikakwama, kikashuka. Lianzhi alikisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamimina bakuli, akainywa moto moto, kali hata machozi yakamtoka. Au yalikuwa njiani tayari. Alichemsha hivyo kila alasiri. Chungu kilikohoa, naye alikaa karibu nacho, akisokota pakanga yake, kama zamani. Doa lilirudi mara moja tena, kisha halikurudi. Tabibu Ling alijisifu daraja zima kwamba sindano yake imeshinda. Hakuna aliyemnyima raha hiyo.

Mwezi wa tatu ulipopita, Mama Gao alitangaza mwenyewe, kwa Guihua kwanza, na Guihua alikasirika kwa kuchelewa kujua kiasi kwamba alisahau kueneza kwa siku nzima. Changgen aliporudi na meli alinunua pombe. Na Xiaoman wakaanza kumsalimia, kwa kuwa mgeni aliyemletea mtu ugonjwa na ugonjwa wenyewe ukageuka mtoto, haijulikani atemewe wapi. Lakini mwishoni mwa majira ya joto yeye na mumewe waliondoka kwenda kaskazini kutafuta kazi. Nyumba ya Bibi Tong ikafungwa kufuli. Picha yake walikwenda nayo.

Chungu kikabaki kwa Lianzhi, kwenye rafu, kimeoshwa. Dawa alikwisha kuacha. Hakukohoa tena, yaani chungu. Kilikaa tu, mdomo wake umeelekea mlangoni. Sheria ni ile ile: atakayekihitaji atakifuata.

Ilikuwa alasiri ya kwanza yenye baridi. Mama Gao alikuwa amesinzia. Lianzhi aliketi ameupa mlango na rafu mgongo, tumbo limejaa mapajani, anasokota kijiti. Alisikia miguu kichochoroni, ya mtu anayejikongoja. Ikasimama. Kikohozi kimoja, kifupi, cha kubisha hodi. Akajua hapaswi kugeuka. Anayefuata chungu hukichukua bila kushukuru, na mwenye nyumba hamwangalii usoni. Harufu ya pakanga iliyoungua ikapita nyuma yake, ingawa kijiti chake hakikuwashwa. Vidole vyake viliendelea kusokota. Miguu ikaondoka.

Alipogeuka, kwenye rafu palibaki duara la masizi.

Mama Gao aliamka akauliza nani anaumwa. Akatoka, akapita nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyekuwa na homa, hakuna aliyekuwa na chungu. Guihua aliapa kwa kaburi la mama yake, na kwa mara ya kwanza maishani mwake kiapo chake kilikuwa cha kweli, ilionekana kwenye rangi ya uso.

Lianzhi hakwenda kuuliza popote. Alisimama mbele ya ukuta, mahali chokaa ilipokwisha, akakunja kidole. Kisha akagonga, mara tatu, jibu alilokuwa akidaiwa tangu msimu wa plamu.

Akasubiri. Nyuma ya ukuta ilikuwa nyumba iliyofungwa kufuli, haina kitanda, haina mtu.

Kule ng'ambo, mtu alishusha pumzi ndefu, pumzi ya mgongo uliopata joto.

Na tumboni, mtoto akageuka polepole, akaelekea ukutani.